Kanisa limechukua nafasi ya Israeli? Jibu kwa dada aliyekwama kwenye kundi lake la Biblia

Dada mmoja ameniandikia, nafupisha: "Shalom mwalimu. Mchungaji wetu anafundisha kwamba kanisa ndo Israeli wa leo, ahadi zote za Agano la Kale ni zetu, Wayahudi walimkataa Masihi na habari yao imeisha. Mhubiri mwingine ninayemfuatilia anasema Israeli ni Israeli na kanisa ni kanisa, na asiyeliunga mkono taifa la Israeli amelaaniwa, anatumia Mwanzo 12:3. Wote wanasoma Biblia hiyo hiyo. Mimi naongoza kundi la kujifunza Biblia, nimeulizwa nikakosa la kusema. Nani yuko sahihi? Na je, bendera ya Israeli iliyopo madhabahuni kwetu ni sawa?"

Shalom dada. Nianze na jibu fupi maana najua wengine wataishia hapa. Wote wawili wameshika kitu cha kweli na wote wawili wamekivuta kupita kiasi. Kanisa halikumtoa Israeli kwenye kiti likakaa lenyewe, Mataifa (yaani wasio Wayahudi) waliingizwa ndani ya ahadi ambayo Ibrahimu alikuwa ameshapewa, na Mungu bado ana habari na Wayahudi. Lakini pia hakuna njia ya pili ya wokovu kwa ajili ya Myahudi, na Mwanzo 12:3 sio amri ya kuunga mkono kila uamuzi wa serikali fulani. Huo ndo msimamo wangu, na nina ndugu ninaowaheshimu sana upande huu na ule ambao hawakubaliani nami.

Sasa jibu refu. Kinachoharibu mjadala huu ni kwamba watu wanarushiana mistari bila kuuliza mstari ulikuwa unamwambia nani. Biblia ikikemea, inamkemea mtu fulani kwa kosa fulani, sasa we ukichukua kemeo la jirani ukalisoma kama sifa yako, au ukachukua ahadi ukaigeuza fimbo ya kumchapa mwenzio, utapata fundisho lenye mistari mingi na bado liwe limepinda. Hebu tuone.

Mchungaji wako ana hoja, tena nzito, usimdharau. Wagalatia 3:29 inasema wazi, "Na kama ninyi ni wa Kristo, basi, mmekuwa uzao wa Ibrahimu, na warithi sawasawa na ahadi." Petro anachukua maneno ambayo Israeli waliambiwa pale Sinai, Kutoka 19, ukuhani wa kifalme na taifa takatifu, anawapa watu wa kanisa kwenye 1 Petro 2:9. Paulo kwenye Warumi 9 anachukua maneno ya Hosea kuhusu wale wasiokuwa watu wa Mungu kuitwa watu wake, ambayo Hosea aliyasema kuhusu makabila ya kaskazini, na yeye anayatumia kwa Mataifa pia. Waefeso 2 wale waliokuwa mbali, wageni wa maagano, wamekuwa wenyeji pamoja na watakatifu. Na Mathayo anachukua "kutoka Misri nalimwita mwanangu", ambalo kwa Hosea 11:1 ni Israeli, anaambia wasomaji wake kwamba limetimia kwa Yesu. Hii ya mwisho ndo watu wengi wa theolojia ya agano (wanaoamini watu wa Mungu ni mmoja tangu Agano la Kale mpaka Jipya) wanaisimamia, yaani Israeli yote imekusanyika ndani ya mtu mmoja, Yesu Masihi, na aliye ndani yake amerithi. Mi naikubali hiyo bila shida yoyote.

Lakini Wagalatia iliandikwa kwa nani? Kwa watu wa Mataifa walioamini, ambao walikuwa wanasukumwa watahiriwe, wanaambiwa imani yao kwa Yesu haitoshi mpaka wawe Wayahudi kwanza. Paulo anawaambia tulieni, nyie tayari ni wana wa Ibrahimu. Anamwinua aliyedharauliwa. Hajaandika hata sentensi moja pale kusema Mungu amemtupa Myahudi, hilo halikuwa swali. (Wagalatia 6:16, ile "Israeli wa Mungu", wasomi wanavutana kama anataja kanisa zima au Wayahudi walioamini, na mimi siegemezi fundisho zima kwenye mstari mmoja unaogombaniwa.)

Njoo Warumi sasa, hapa ndo nataka ukae na kundi lako muda mrefu. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, Matendo 18:2 inataja, Akila na Prisila walikuwa miongoni mwao, ilikuwa kama mwaka 49 hivi. Klaudio akafa mwaka 54, Wayahudi wakaanza kurudi. Paulo anaandika Warumi kama mwaka 57. Piga picha hilo kanisa: kwa miaka kadhaa limeendeshwa na waamini wa Mataifa peke yao, wamezoea, nyimbo zao, viongozi wao, chakula chao, halafu wenyeji wa zamani wanarudi na kukuta wao ndo wageni. Wasomi wengi wanaona hapo ndipo ile sura ya 14 ya kuvutana kuhusu vyakula na siku ilipotokea, na ndipo majivuno ya Mataifa yalipoota. Kwahiyo Paulo kwenye 11:13 anasema kabisa, nasema na ninyi mlio watu wa Mataifa. Ugonjwa umegeuka. Kwa Wagalatia Mataifa walikuwa wanajiona si kitu, kwa Warumi wanajiona ndo kila kitu.

Na dawa inageuka pia. "Basi nauliza, Je! Mungu aliwasukumia mbali watu wake? Hasha!" Ushahidi wake wa kwanza ni yeye mwenyewe, mimi nami ni Mwisraeli, wa kabila ya Benyamini. Kisha mzeituni. Angalia vizuri kilichotokea kwenye ule mfano maana watu wanausimulia vibaya: mti haukukatwa, haukupandwa mwingine, baadhi ya matawi yalikatwa kwa sababu ya kutoamini na matawi ya mzeituni mwitu yakapandikizwa kati ya yale yaliyobaki, shina ni lile lile. "Usijisifu juu ya matawi yale, au ikiwa wajisifu, si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Na anasema yale yaliyokatwa Mungu aweza kuyapandikiza tena, kwenye mti wao wenyewe. Halafu 11:28-29, wapendwa kwa ajili ya baba zao, karama za Mungu hazina majuto wala mwito wake. Sasa ndugu, hao wanaoitwa wapendwa pale mstari wa 28 ni Wayahudi ambao mstari huo huo unasema kwa habari ya Injili wamekuwa adui. Sio Wayahudi walioamini. Huwezi kuniambia hapo "Israeli" ni kanisa, kanisa litakuwaje adui wa Injili kwa faida ya kanisa?

Hiyo ndo sababu siwezi kusema habari yao imeisha. Paulo angesema hasha, na alishasema.

Mathayo 21:43, Ufalme utaondolewa kwenu na kupewa taifa lingine, mchungaji wako ataileta hiyo, nakuhakikishia. Msomee mstari wa 45: wakuu wa makuhani na Mafarisayo walitambua kwamba anawanena wao. Ni viongozi wanaonyang'anywa, na waliopewa kazi ile walikuwa wavuvi wa Galilaya, Wayahudi watupu.

Kingine kinachonichekesha kidogo (na kuniumiza) ni hii ya ahadi zote ni zetu. Kumbukumbu 28 ina baraka mistari 14, kisha laana kuanzia 15 mpaka 68, yaani mistari 54. Sijawahi kusikia mtu anayejiita Israeli mpya akidai kwa sauti ile mistari 54. Kichwa na sio mkia ni yetu, njaa na kuzingirwa na kutawanywa hizo za Wayahudi. Huo sio ufafanuzi wa maandiko, ni kuchagua. Kama Kristo amebeba laana, na Wagalatia 3:13 inasema amebeba, basi soma sura nzima kupitia yeye, baraka na laana, usigawe baraka kwako na laana kwa jirani.

Na ugawaji huo una historia chafu ambayo mwalimu wa Biblia lazima aijue. Katikati ya karne ya 2 Yustino Mfiadini, mwalimu Mkristo, kwenye mahojiano yake na Myahudi aitwaye Trypho, anadai waziwazi kwamba sisi ndio Israeli wa kweli wa kiroho. Yerusalemu ilikuwa imeshaanguka mwaka 70, uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi ulioongozwa na Bar Kokhba umezimwa mwaka 135, ilikuwa rahisi kusema mnaona, Mungu amewaacha. Miaka ya 386 na 387 padri Yohane Krisostomo pale Antiokia alitoa mahubiri makali mno dhidi ya Wayahudi, na chanzo kilikuwa kwamba waumini wake walikuwa wanapenda kwenda sikukuu za sinagogi. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kwa upole kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, akiwa na matumaini wataamini, ilipofika 1543 akaandika kitabu kingine akishauri masinagogi yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Na karne ya 20 Wanazi walikifurahia sana kitabu hicho. Sisemi kila anayeamini kanisa ni Israeli mpya anawachukia Wayahudi, huo ni uongo, wengi hawana chuki hata chembe. Nasema fundisho likishakwambia Mungu amewatupa, kinachobaki kukuzuia usiwatupe ni tabia yako tu.

Kanisa Katoliki lilirudi kwenye Warumi 11 mwaka 1965, tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Lile tamko linasema mambo mawili kwa pamoja ambayo wengi wanadhani hayakai pamoja: Kanisa ni taifa jipya la Mungu, na Wayahudi wasielezwe kana kwamba wamekataliwa au kulaaniwa na Mungu, eti Maandiko yanasema hivyo. Hata kama sio Mkatoliki, hiyo sehemu ya nne ni fupi, isome.

Tuje kwa mhubiri wako wa pili sasa, maana naye simwachi.

Anachofundisha kina jina, theolojia ya vipindi, wengine wanaita dispensashenalizimu. Ilipangwa vizuri na John Nelson Darby karne ya 19, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana Ireland kabla hajaachana nao, ikasambazwa sana na Biblia ya Scofield iliyotoka 1909 ikiwa na maelezo pembeni ya mistari, wasomaji wengi wakawa hawatofautishi maelezo na mistari. Wazo lake: Israeli na kanisa ni watu wawili tofauti wa Mungu, kila mmoja na mpango wake, kanisa litanyakuliwa kisha Mungu aendelee na Israeli. Tangu miaka ya 1980 na 1990 wapo wa kambi hiyo hiyo, wasomi kina Darrell Bock na Craig Blaising, waliolegeza ule ukuta, wanakubali kwamba kanisa limeanza kuonja agano jipya lililoahidiwa Israeli. Kwahiyo hata wao kwa wao hawako kitu kimoja, mhubiri wako anaweza asijue.

Wanachokipatia ni kwamba wanaichukulia ahadi kama ahadi. Yeremia 31 inaahidi agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, kisha Mungu anasema kama jua na mwezi vitaacha kazi yake ndipo na uzao wa Israeli utakoma kuwa taifa mbele zake. Ni ngumu kuyasoma hayo ukasema alimaanisha watu wengine kabisa. Na Matendo 1:6 mitume wanauliza kama wakati huu anawarudishia Israeli ufalme, Yesu hawaambii acheni ndoto hizo, anawaambia majira si kazi yenu kujua. Ila hapo hapo mstari wa 8 anawageuza macho kwenda mpaka mwisho wa nchi kushuhudia, na hilo mhubiri wako huwa anapita mbio.

Wanapokosea sana ni Mwanzo 12:3. "Nami nitawabariki wakubarikio, naye akulaaniye nitamlaani, na katika wewe jamaa zote za dunia watabarikiwa." Aliambiwa Abramu, kabla Isaka hajazaliwa, kabla jina Israeli halijapewa mtu. Uzao unarithi, sawa, Balaamu anarudia maneno kama hayo juu ya Israeli kwenye Hesabu 24:9, kwahiyo usimwambie mtu mstari huu hauwahusu kabisa. Lakini Paulo alipouchukua, Wagalatia 3:8, alichukua kile kipande cha mwisho, jamaa zote za dunia, akakiita Injili iliyohubiriwa mapema. Mhubiri wako anachukua kipande cha kwanza na kuacha cha mwisho. Alafu anakigeuza kuwa bima: unga mkono, upate mvua na biashara. Abramu hakuahidiwa hivyo ili Mataifa wanunue baraka.

Isitoshe, kumbariki mtu sio kukubali kila anachofanya. Yeremia aliwapenda Israeli kuliko sisi sote, akawaambia mfalme anakosea, akatupwa kwenye shimo la matope. Amosi, Isaya, Mika, wote kwa kipimo cha mhubiri wako wangekuwa wamelaaniwa.

1948 je? Tarehe 14 Mei 1948 taifa la Israeli lilitangazwa, na wengi wanasema Ezekieli 36 na 37 zimetimia mbele ya macho yetu. Hapa mi nasita, nitakwambia kwanini. Ezekieli 36:24-26 inaanza kuwakusanya, kisha kuwanyunyizia maji safi, kisha moyo mpya, kwahiyo anayesema wanaweza kurudi kwanza bila kuamini ana mstari. Lakini Kumbukumbu 30:1-5 inaanza na kumrudia Bwana, kisha kukusanywa, kwahiyo anayesema toba kwanza naye ana mstari. Wote wawili ni Neno. Mwenye uhakika wa asilimia mia kwamba gazeti la jana ndo Ezekieli, mimi namwogopa. Na hata ukisema 1948 ni mkono wa Mungu, na siwezi kukuzuia, ardhi katika torati ina masharti, Walawi 25:23 Mungu anasema nchi ni yangu, ninyi ni wageni na wasafiri pamoja nami. Ezekieli 47:22-23, kwenye ule ule mgawanyo wa nchi wa siku za mwisho wanaoupenda, anaamuru wageni wakaao kati yao wapewe urithi kama wazaliwa. Hiyo mistari miwili siisikii ikihubiriwa.

Usisahau kwamba kuna Wakristo Wapalestina, sio wa jana, makanisa yao yapo huko tangu karne za mwanzo. Desemba 2009 waliandika tamko lao, Kairos Palestine, wakiomba makanisa duniani yasitumie Biblia kuhalalisha mateso yao. Sikubaliani na kila aya ya lile tamko, naona linaipita haraka mno Warumi 11, lakini ni ndugu zako kwa damu ya Kristo, na fundisho lolote linalofanya usiweze kuwasikia kabisa lina kasoro mahali. Na upande mwingine kuna Wayahudi wanaomwamini Yesu, hao kwa mchungaji wako ni Wayahudi ambao habari yao imeisha, kwa mhubiri wako haijulikani wakae upande gani wa ule ukuta. Paulo alikuwa mmoja wao!

Jambo moja la haraka: kuna wanaosema Myahudi ana agano lake haihitaji Injili. Soma Warumi 10:1, Paulo anawaombea waokolewe. Basi, limeisha.

Utaniuliza, kuna watu walioshika pande zote? Wapo, na ni wa zamani. John Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, alisoma "Israeli wote wataokoka" ya 11:26 kuwa ni watu wote wa Mungu, Wayahudi na Mataifa. Lakini wanatheolojia Charles Hodge karne ya 19 na John Murray karne ya 20, wote wa theolojia ya agano kama Calvin, wote wanaamini watu wa Mungu ni mmoja, walisoma mstari huo huo wakasema hapana, hapa ni Wayahudi, wengi wao watamgeukia Masihi siku inakuja. Mi niko na Hodge na Murray, kwa sababu mstari wa 25 Israeli ndo waliopatwa na ugumu mpaka utimilifu wa Mataifa uwasili, siwezi kubadilisha maana ya Israeli katikati ya pumzi moja. Kwahiyo usikubali mtu akwambie lazima uchague kati ya mchungaji wako na mhubiri wako kana kwamba ni milango miwili tu iliyopo.

Kwa kundi lako, usianze na mjadala. Wape Warumi 9 hadi 11 wasome kwa sauti mfululizo, kikao kimoja, na kila penye neno Israeli waandike pembeni ni nani anasemwa hapo, maana 9:6 inasema si wote walio wa uzao wa Israeli ndio Israeli, na 11:28 ni Wayahudi wasioamini, watagundua wenyewe kwamba Paulo anabana na kupanua, hatumii kwa maana moja kila mahali. Wiki inayofuata Wagalatia 3. Wakibishana waache wabishane ila kila mtu aonyeshe mstari na aseme aliyekuwa anaambiwa ni nani.

Kuhusu bendera. Hakuna andiko linalokataza kitambaa, na najua wengi wanaoiweka wanaiweka kwa upendo na shukrani, Masihi alitoka kwao. Lakini madhabahuni mimi ningeitoa, na ningetoa ya nchi nyingine yoyote pia, hata ya nchi yenu, kwa sababu bendera ni ya serikali na serikali hubadilika na hukosea, na aliyekuja kuabudu asilazimike kukubali siasa ya mtu kwanza ndipo apokee meza ya Bwana. Kama inaombwa mbele yake, watu wanaigusa wapate baraka, hapo sio swali la Israeli tena, ni sanamu. Lakini usiitoe wewe, na usilianzishe kwenye grupu la WhatsApp la kanisa. Mwombe mchungaji nafasi faraghani, umuulize kwanza kwanini iliwekwa. Maana ukiangalia vizuri, mchungaji anayefundisha kwamba habari ya Wayahudi imeisha na bado ana bendera yao madhabahuni, huenda hata yeye hajawahi kukaa chini akayapatanisha hayo mawili, na anaweza akafurahi kuulizwa.